Asili na Maana za Jina Asha

Vitabu vya majina ya watoto vinavyochapishwa Marekani na Uingereza huwaeleza wazazi kwamba Asha ni neno la Kiswahili lenye maana ya "maisha". Baadhi yake huongeza jina jingine, Eshe, na kulipa maana hiyo hiyo. Mzungumzaji wa Kiswahili anayeisoma habari hiyo hana budi kushangaa. Ana akina Asha tele katika ukoo wake na mtaani kwake, lakini hajapata kumsikia mtu akilalamika kwamba asha yamekuwa magumu. Neno alijualo ni maisha, na kitenzi alijuacho ni kuishi. Asha kwake ni mtu.

Hata hivyo, vitabu hivyo havikukosea kabisa, na hapo ndipo suala linapomvutia mwanaisimu. Vilikaribia ukweli kwa njia isiyo sahihi. Asha, maisha na kuishi ni maneno ya ukoo mmoja, ila undugu wao haukuzaliwa ndani ya Kiswahili. Ulikuwapo tayari katika Kiarabu, na kila moja liliingia pwani kwa mlango wake.

Shina lake ni konsonanti tatu za Kiarabu: ain, ye na shin. Kitenzi chake humaanisha kuishi, na jina la mtendaji wa kike litokanalo nalo ni ʿĀʾisha, yaani mwanamke aishiye, aliye hai. Waarabu walilitumia jina hili kabla ya Uislamu, na walikuwa pia na majina ya kiume ya shina hilo hilo, kama Ayyash na Yaish, ambalo la pili ni sentensi nzima: "anaishi", au kwa namna ya dua, "ataishi". Katika jamii ambamo watoto wengi walikufa wakiwa wachanga, kumwita binti "Aishiye" kulikuwa ni kumwombea. Waswahili hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo kwa urefu, kwa kuwa nao wana majina kama Mashaka, Tabu na Shida, yanayobeba hali ya nyumba siku mtoto alipozaliwa. Tofauti ni kwamba Mwarabu aliombea yajayo, ilhali Mswahili mara nyingi aliweka kumbukumbu ya yaliyokwisha kutokea.

Shina hilo lina matawi yanayofurahisha. Nchini Misri, neno esh ni mkate. Katika nchi kadhaa za Ghuba, neno lilo hilo ni wali. Kila jamii imekipa chakula chake kikuu jina la uhai. Kiswahili hakikulichukua tawi hilo. Kilichukua maʿīsha, ambalo kwa Kiarabu ni jina la umoja lenye maana ya riziki au namna ya kuendesha maisha, na kikalitendea jambo la ajabu. Silabi ya mwanzo, ma, ambayo katika Kiarabu ni kiambishi cha kuundia nomino, ilisikika masikioni mwa Waswahili kama kiambishi cha wingi cha ngeli ya ma-. Tangu hapo tunasema maisha yangu, maisha marefu, maisha haya, ingawa umoja wake haupo na haujawahi kuwapo. Ni ushahidi mzuri kwamba neno la kigeni likishaingia nyumbani hutii sheria za mwenye nyumba.

Yafaa kutahadharisha papa hapa juu ya maneno yanayofanana na Asha bila ya kuwa na undugu naye. Isha, sala ya usiku, latokana na shina jingine la Kiarabu linalohusu jioni. Ashura, jina la kike lipendwalo sana pwani na bara, lina asili katika namba kumi, kwa kuwa ni siku ya kumi ya mwezi wa Muharram. Asia, jina ambalo wageni hudhani ni la bara la Asia, ni Āsiya, jina ambalo mapokeo ya Kiislamu yanampa mke wa Firauni. Kwisha ni kitenzi cha Kibantu, na maana yake karibu ni kinyume cha kuishi. Na ashakum, neno analotanguliza mtu mwenye adabu kabla ya kutamka jambo zito, ni Kiarabu cha kuwatakasa wasikilizaji na jambo hilo. Halina Asha yeyote ndani yake, ingawa wapo waliojaribu kumtafuta.

Aliyelifanya jina hili lienee duniani ni Bi. Aisha, binti wa Abubakar na mke wa Mtume Muhammad. Alifariki dunia mwaka wa 58 wa Hijria, yaani mwaka 678, akiwa ameacha hazina kubwa ya mapokeo: hadithi zaidi ya 2,000 zinanasibishwa naye. Mwaka 656 alikuwa upande mmoja wa vita vilivyoitwa Vita vya Ngamia, dhidi ya jeshi la Ali bin Abi Talib. Tukio hilo moja limeathiri ramani ya jina hadi leo. Penye Wasunni wengi, jina hili ni miongoni mwa majina ya kwanza kufikiriwa. Kwa Washia, kwa kawaida halipewi mtoto. Kwa hiyo, anayedai kwamba jina hili "lina maana ya uhai" na kuishia hapo, amesahau kwamba kwa muda wa karne kumi na tatu wazazi wamelichagua au kuliepuka kwa sababu ya mtu, wala si kwa sababu ya kitenzi.

Jina lilisafiri pamoja na dini, na kila lugha ililitamka kwa kinywa chake. Waturuki husema Ayşe. Wabosnia wanalo kama Ajša. Wamalayu na Waindonesia huandika Aisyah, na mara nyingi hulitanguliza na Siti, neno la heshima lilelile tulilo nalo sisi. Wahausa husema A'ishatu, na Wafulani Aissatou. Wasomali huandika Caasha, herufi c katika maandishi yao ikisimamia sauti ya ain. Wangazija wana Echat, na katika pwani ya Waswahili yapo Aisha, Esha na Asha.

Maumbo haya si mapambo tu. Yanasimulia njia ambazo jina lilipita, na mwenye subira huweza kuzisoma. Chukua silabi -tu ya Kihausa na Kifulani. Hiyo ni alama ya Kiarabu cha kitabuni, Kiarabu cha irabu za mwisho zisizotamkwa tena katika mazungumzo ya kila siku. Majina ya kike ya Afrika Magharibi yamejaa alama hiyo, na hilo huashiria kwamba yalijifunzwa chuoni, kutoka kwa mwalimu aliyeshika kitabu. Pwani ya Afrika Mashariki mambo yalikuwa mengine. Umbo Asha haliwezi kuwa limetoka kitabuni.

Sababu yake ni hii. Ain ya mwanzo wa neno haikaidi katika Kiswahili. Hudondoka tu, kama ilivyodondoka katika akili, umri na elimu. Hamza nayo hudondoka. Baada ya kudondoka kwake hubaki mfuatano wa irabu a na i, na Kiswahili kina mazoea mawili kuhusu mfuatano huo. Ama huuacha kama ulivyo, kama katika maisha yenyewe, na hapo tunapata Aisha yenye silabi tatu, mkazo ukiwa juu ya i. Ama huziunganisha irabu hizo kuwa e, kama ma- na -ino zinavyokuwa meno, na hapo tunapata Esha. Njia zote mbili hazitupeleki kwenye Asha. Ili Asha ipatikane, ni lazima aliyelileta jina awe mwenyewe alishalifupisha kabla ya kufika.

Jirani aliyelifupisha hivyo yupo. Ni Msomali, na Caasha wake mwenye a ndefu. Na Asha si shahidi wa pekee, kwani liko jina jingine linalotembea naye bega kwa bega: Fatuma. Kiarabu cha kitabuni ni Fāṭima, chenye i katikati. Kiswahili kina u, na Kisomali, chenye Faadumo, kina u vilevile. Majina mawili makubwa ya kike, ya mke na ya binti wa Mtume, yanaonyesha kwa pamoja kwamba mapokeo yake ya zamani yalipitia midomo ya watu wa Ghuba ya Aden na Benadiri, mabaharia, wafanyabiashara na masharifu, wala si kurasa. Umbo Aisha, ambalo siku hizi linapendwa na wazazi wasomi, ni tabaka la baadaye, lililoletwa na madrasa na kuandikwa kwa namna iliyo karibu zaidi na Kiarabu sanifu. Si sahihi kumwambia bibi aitwaye Asha kwamba jina lake "limeharibiwa" na kwamba la kweli ni Aisha. Wanasarufi wa Kiarabu wa kale nao walikuwa wakiwakaripia watu kwa kulikata jina hili, na karipio hilo lenyewe ni ushahidi kwamba matamshi ya mkato yalikuwapo Uarabuni kabla ya kufika kwetu.

Washairi wa pwani, kwa upande wao, hawakuona tatizo lolote. Asha na Esha zina mizani mbili, Aisha ina tatu. Mwenye kutunga utenzi wa mizani nane huchagua lile linaloenea.

Katika miji ya kaskazini, Mombasa, Lamu na visiwa jirani, jina hili hutangulizwa na Mwana, na kutupa Mwanaisha, Mwanaesha na Mwanaasha. Visiwani Ngazija huandikwa Moinaecha kwa tahajia ya Kifaransa. Mwana hapa si mtoto. Ni cheo cha heshima cha mwanamke muungwana, kile kile kilichotangulia jina la Mwana Kupona binti Mshamu, mtunzi wa utendi maarufu wa mwaka 1858, na jina la Mwana Khadija aliyetawala Pate katika karne ya 18. Mtu wa bara asiyejua matumizi hayo hulikata jina vibaya, akadhani Mwanaisha ni mtoto fulani aliyekwisha. Kosa la namna hiyo lina faida moja: hutukumbusha kwamba watu hawavumilii jina lisilo na maana, na wasipoipewa huitunga.

Hadi hapa jina limezungumzwa kana kwamba lilikuwa la kila mtu. Halikuwa hivyo. Katika jamii za pwani za karne ya 19, jina lilikuwa ni mpaka. Watumwa wengi waliitwa majina ambayo muungwana asingempa bintiye: majina ya bahati na majaliwa, ya siku za juma, ya vitu na vipawa, kama Mabruki, Majaliwa na Feruzi. Yupo aliyeitwa kwa jina la mji: Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, na baadaye akawaongoza Speke na Stanley katika safari zao. Majina ya wake na mabinti wa Mtume, Asha, Hadija, Fatuma na Zainabu, yalikuwa kwa kiasi kikubwa hifadhi ya waliojiita waungwana.

Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja. Miongoni mwa mambo ambayo waliokuwa watumwa waliyafanya, pamoja na kubadili mavazi na kujenga nyumba Ng'ambo, ni kuyaacha majina ya zamani na kuwapa binti zao majina yaliyokuwa yakizuiliwa. Mfano mashuhuri wa kubadili jina hauhusu Asha, lakini ni vigumu kuupita. Mwimbaji mkubwa wa taarab, Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, alipewa na wazazi wake jina la Mtumwa. Alipokwenda mjini na kupata sifa, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Alikufa mwaka 1950 akiwa na jina hilo, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Mtoto aliyeitwa Asha huko Ng'ambo mwanzoni mwa karne ya 20 alibeba dai kama hilo, ijapokuwa hakuna aliyeandika wasifu wake: kwamba mama wa waumini ni mama wa wote.

Kwa njia ya misafara, jina lilikwishafika Tabora, Ujiji na hata Kasongo katika Kongo, pamoja na Waungwana wa Manyema, lugha yao na kanzu zao. Hapa pana onyo kwa wanahistoria. Wapo ambao hadi leo wakikuta jina la asili ya Kiarabu katika orodha ya ukoo, huandika pembeni kwamba ukoo huo una damu ya Kiarabu. Ushahidi huo ni dhaifu mno. Ayşe wa Ankara si Mwarabu, Aissatou wa Futa Jallon si Mwarabu, na Asha wa Ujiji hana sababu ya kuwa Mwarabu. Jina huthibitisha mapokezi, halithibitishi nasaba.

Swali lililo kinyume nalo limeulizwa pia: je, jina hili ni la Kiafrika? Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani Weusi wengi walianza kuyaacha majina waliyorithi kutoka zama za utumwa na kutafuta ya Kiafrika. Kiswahili kilikuwa na mvuto wa pekee. Sikukuu ya Kwanzaa, iliyoasisiwa na Maulana Karenga mwaka 1966, ilichukua msamiati wake katika lugha hii. Katika miaka ya 1970 Aisha, kwa tahajia nyingi, lilienea Marekani. Stevie Wonder alimwita hivyo binti yake aliyezaliwa mwaka 1975, na wimbo aliomtungia, uliotoka mwaka 1976, unalifasiri jina hilo kwa maana ya maisha. Wakosoaji walisema haraka kwamba watu hao wamekimbia jina la kigeni na kuangukia la kigeni jingine. Hoja hiyo ina ukali kuliko uzito. Kizimkazi kuna maandishi ya msikiti ya mwaka 1107, na Ibn Battuta aliposhuka Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alikuta jamii za Kiislamu zilizokomaa. Jina ambalo akina mama wa pwani wamewaita mabinti zao kwa mamia ya miaka, wakalikata, wakalipa mkazo wao na cheo chao cha Mwana, limekwisha kuwa la Kiafrika kwa kadiri jina lolote linavyoweza kuwa.

Mwandishi mmoja wa riwaya alilisikia vizuri kuliko wakosoaji hao. Mwaka 1887 H. Rider Haggard alichapisha She, riwaya ya malkia asiyekufa anayeishi ndani ya Afrika, katika bara lililo nyuma ya pwani ya mashariki. Alimwita Ayesha, na akaweka tanbihi kuwaelekeza wasomaji walitamke Assha. Riwaya yenyewe imejaa dhana za enzi yake kuhusu Waafrika ambazo hazistahili kutetewa. Lakini jina la malkia anayeishi milele linaafikiana na maana yake.

Limebaki jambo la kufanana. Mwalimu wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala huweza kuwa na akina Asha wawili katika darasa moja, mmoja wa familia ya Kiswahili na wa pili wa familia ya Kigujarati. Majina yao kwa sikio ni mamoja. Kwa asili, hayana uhusiano wowote. Asha wa Kihindi ni Āśā, neno la Kisanskriti lenye maana ya tumaini, na ndilo jina la waimbaji na waigizaji mashuhuri wa India, akiwemo Asha Bhosle aliyezaliwa mwaka 1933. Sh ya neno hilo ilikuwa k katika lugha-mama ya kale ya Kihindi-Kiulaya. Na kuna aša wa tatu, wa Kiavesta, lugha ya maandiko ya Wazoroasta: ukweli, haki, utaratibu wa ulimwengu. Huyo ni ndugu wa arta ya Kiajemi cha kale, na sh yake ilikuwa rt. Mwezi wa Ordibehesht katika kalenda ya Iran umehifadhi jina lake, na Waparsi waliohamia Unguja walilijua katika sala zao. Ukienda Nigeria utakuta Kiyoruba kina àṣà, mila, na àṣá, mwewe, maneno mawili yanayotenganishwa na toni peke yake. Mwimbaji ajulikanaye kwa jina la Aṣa amejiita mwewe.

Kiswahili nacho kina sh yake ya kale, ile inayozaliwa k ikikutana na kiambishi cha kusababisha: waka huwa washa, kumbuka huwa kumbusha. Anayetaka kulifasiri Asha kwa kuwasha taa anaweza kujaribu, na wapo wapenzi wa etimolojia za mtaani watakaomshangilia. Kufanana kwa sauti ni jambo rahisi kutokea, hasa katika neno fupi lenye irabu moja na konsonanti moja. Kinachohitajika ni historia ya kila sauti na njia ya kila neno.

Lakini ukimuuliza mzee wa Pemba au wa Bagamoyo kwa nini mjukuu wake anaitwa Asha, hatataja ain wala shin, na pengine hatamtaja hata Bi. Aisha. Atasema kwamba mtoto amechukua jina la bibi yake. Desturi ya kurithisha jina kutoka kwa bibi hadi mjukuu ina nguvu sana, na kwa wengi wanaoitwa Asha hiyo ndiyo maana ya jina. Katika karne ya 20 desturi hiyo ilikutana na karani wa serikali. Bibi alikuwa Esha, mama akaandikwa Asha kwa sababu karani alitoka bara, na binti akaandikwa Aisha kwa sababu mwalimu wa madrasa alisisitiza. Leo binti huyo anapofuatilia mirathi, hutakiwa ale kiapo mbele ya hakimu kwamba Esha wa hati ya shamba na Asha wa cheti cha mama yake ni watu wa ukoo mmoja.